Baba Mkwe Aliyemfundisha Jogoo Kupika

Mwaka ule wa Uhuru nilimkuta baba mkwe wangu akimfundisha jogoo kupika wali wa nazi.

Someni tena. Si kumpika jogoo. Kumfundisha.

Na jogoo mwenyewe alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kichwa upande, anasikiliza kama mtoto wa chuo cha Kurani anayeogopa bakora.

Kabla hamjasema bibi huyu amechanganyikiwa, tulieni niwape mwanzo wake.

Mimi naitwa Mbodze. Kwetu ni huko nyuma ya Kinango, kwenye ukame, kwa Waduruma wenye ng'ombe. Nilisoma hadi darasa la nne. Nyumbani hapakuwa na mtoto wa kiume mkubwa, kwa hivyo mchungaji nikawa mimi. Jikoni waliingia dada zangu.

Nilijua kukamua. Nilijua kumfukuza fisi kwa matusi. Lakini kwenye mapishi nilijua vitu viwili tu, sima na mtsunga.

Mtsunga ni mboga ya kwetu, chungu kama dawa ya malaria. Unaichemsha, unamwaga maji ya kwanza, unachemsha tena, ndipo inalika. Ukisahau kumwaga, wageni wako hawarudi.

Basi akaja kijana mmoja na kikosi cha vibarua wa barabara. Matano, Mdigo wa Mwabungo. Ng'ombe zangu waliingia kwenye barabara yao, akawafukuza, nikamtukana mpaka wenzake wakaweka sepetu chini ili wasikie vizuri.

Mwezi uliofuata akaleta posa. Alisema hajawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Nikaolewa Mwabungo, huku chini baina ya Ukunda na Galu.

Sasa, kitendawili. Nimekaribishwa nyumba nzima, chumba kimoja sifunguliwi.

Mtasema stoo. Mtasema chumba cha wakwe. Nipeni mji niwaambie.

Jiko la mama mkwe.

Mama mkwe wangu aliitwa Mejumaa, na sifa zake za kupika zilikuwa zimefika Msambweni na kurudi. Ikiwa ni Maulidi, sahani yake ndiyo iliyogombaniwa. Ikiwa ni matanga, watu walitazama kwanza kama Mejumaa ameleta chungu, ndipo wakaanza kulia.

Lakini jikoni mwake haingii mtu. Kibanda cha makuti, mlango mmoja, na yeye amekaa kwenye mlango huo juu ya mbuzi ya kukunia nazi, miguu ameinyoosha, kama askari wa forodha. Alisema tui lake lina haya. Likitazamwa na jicho la mtu, linakatika.

Na watu waliamini. Mtu akipita pale alikuwa anageuza uso ukutani, asije akaharibu mchuzi wa watu kwa kutazama.

Mumewe, Mzee Mwero, alikuwa mpishi wa bibi mmoja wa kizungu mwenye nyumba ufukweni Diani. Alikuwa akirudi alasiri kwa baiskeli, akienda kujilaza kwenye kibanda kilichoegemeana na jiko. Mejumaa alikuwa akijitapa kwamba mume wake kazi ya jikoni anaiacha hukohuko kwa wazungu, nyumbani hata kikombe hanyanyui.

Nami nikawa namwonea wivu mume huyo.

Siku zangu za uharusi zilipokwisha, Mejumaa akanipa mawe matatu yaliyolegea, nje, uani, palipo na jua. Akaniambia nipike wali wa nazi. Kisha akaita majirani waje waone mkono wa bibi arusi.

Kwetu mnazi hauoti. Nazi nilikuwa nimeiona sokoni tu. Lakini nilikuwa nimetazama watu wakikuna na kukamua, nikasema, hili nalo ni la kunishinda?

Nikakuna, nikajikuna na vidole. Nikatia maji, nikakamua. Likatoka tui la kwanza, zito, jeupe kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi.

Nikalimwaga.

Ndiyo. Lote. Nikalimwaga chini, jogoo akalikimbilia akanywa mpaka shingo ikalowa. Nikakamua tena, nikakamua tena, nikapikia yale maji ya mwisho mwisho. Wali ukatoka mkavu, hauna harufu, kama wa mgonjwa aliyekatazwa kila kitu.

Mejumaa akaniuliza kwa sauti ya upole mno, "Mwanangu, tui zito umelipeleka wapi?"

Nikamjibu kwa fahari, "Nimemwaga uchungu wake, mama."

Kicheko kile nadhani kilisikika Galu. Mwanamke mmoja alikaa chini kabisa akashika mbavu. Mimi nikacheka nao kwanza, sijui tunachekea nini.

Kufikia Ijumaa hadithi ilikuwa imefika soko la Kombani. Nikienda kununua samaki, muuza samaki ananiita Mama Kumwaga. Ananiuliza kama nataka na maji ya kumwaga au nitatafuta mwenyewe.

Hayo ningeyavumilia. Lililoniuma ni lile Mejumaa alilomwambia Matano mbele yangu, wala hakupunguza sauti.

"Mwanangu, mkeo ni mzuri sana kwa ng'ombe. Sisi hatuna ng'ombe."

Akaendelea kueleza kwamba yuko binti wa dada yake Msambweni, anayepika mpaka majini wanakuja kuomba ukoko. Matano amwongeze huyo. Mimi nibaki, hakuna anayenifukuza, nitakuwa nikiteka maji.

Matano alinipenda. Lakini mdomo wake ulikuwa umelelewa na wali wa mama yake. Akasema tungoje kidogo.

Nyinyi mlioolewa mnajua "tungoje kidogo" ya mwanamume maana yake ni nini.

Shauri likakatwa hivi. Shangazi yao Jumwa, dada yake Mzee Mwero, aliyeolewa Jego, angekuja kabla ya sherehe za Uhuru. Yeye ndiye mkubwa wa wanawake wa nyumba ile. Nitapika, ataonja. Nikiweza, nitapewa mafiga yangu na jiko langu. Nikishindwa, binti wa Msambweni anakuja na kisanduku chake.

Tena haraka yenyewe ilikuwa na sababu. Wazee wa mtaa walikuwa wamemchagua Mejumaa awe mpishi mkuu siku ya bendera, kwenye uwanja wa shule, sufuria kubwa, mbele ya watu wote. Aliposikia alishukuru, akapiga vigelegele. Halafu akaumwa tumbo wiki nzima. Tukadhani ni furaha.

Mimi nikawa nalia nyuma ya nyumba, na mawe yangu matatu na sufuria iliyoungua.

Hapo ndipo nilipomsikia mzee.

Alikuwa upande wa pili wa ua wa makuti, amenipa mgongo, anatengeneza mnyororo wa baiskeli. Jogoo amesimama mbele yake. Tangu siku ile ya tui, jogoo yule hakunipa nafasi, kila nikiwasha moto yupo.

"Wewe jogoo," mzee akasema, "tui la kwanza ndilo lenye utamu. Hulimwagi. Unaliweka kando. Mchele unauanza na tui jepesi, na lile zito unalitia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa. Umesikia?"

Jogoo akajikuna.

Nikasema, ewe Mola, mzee amekwisha. Ingawa mwaka ule jogoo alikuwa mtu mkubwa, ndiye alama ya chama, picha yake ilikuwa kwenye mabango ya kura kila mti. Nikadhani labda anamwandaa kwa uwaziri.

Nikainuka nikamwite mama mkwe.

"Tena, jogoo," mzee akaongeza bila kugeuka, "ukikimbilia kwa mama yako kusema, utabaki mjinga hivyo hivyo. Kaa chini ujifunze."

Nikakaa.

Vijana wa leo mnakaa na baba mkwe sebuleni mnatazama mpira pamoja. Wakati wetu mkaza mwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Kumfundisha mapishi ndiyo aibu isiyosemeka. Lakini mtu kuzungumza na kuku wake, ni nani atamkataza?

Kuanzia hapo jogoo akawa na mwalimu. Mejumaa akienda kwenye mazungumzo yake ya alasiri, baiskeli inaharibika, mzee anakaa nyuma ya ua, na mimi nawasha moto.

Siku za kwanza nilikuwa mkimya. Baadaye nikapata ujasiri.

"Jogoo," nikasema nikitazama sufuria, "hivi chumvi hutiwa wakati gani?"

Kutoka upande wa pili, "Jogoo, umepewa ulimi wa nini? Onja. Ukitia bila kuonja, utakula peke yako."

"Na moto, jogoo, nitajuaje kama umetosha?"

"Isikilize sufuria, jogoo. Inapiga kelele kwanza. Ikianza kunong'ona, funika, palia makaa juu ya kifuniko, uondoke. Acha kufunua funua kama unatafuta mwizi."

Niliunguza. Nikapika kitu kilichorojeka kama bokoboko nikisema ni wali. Nikatia chumvi mara mbili. Kila kilichoharibika nilikimwagia jogoo, akanenepa kwa makosa yangu mpaka akashindwa kuruka ua.

Nikafundishwa mchuzi wa papa mkavu. Hapo mzee alikuwa mkali. Tangawizi haipondwi mbichi, unaifukia kwenye majivu ya moto kwanza, inaiva na ngozi yake, ndipo unaiponda. Nilimuuliza jogoo ni nani anayefanya hivyo duniani. Jogoo akaambiwa afunge domo afukie tangawizi.

Siku moja mzee hakusema neno. Nikamwita jogoo mara mbili, hakuna jibu. Nikapika peke yangu, roho mkononi. Nilipofunua, punje moja huku, nyingine kule, na harufu ikapanda mpaka nikajishangaa.

Nyuma ya ua kengele ya baiskeli ikalia. Mara moja tu.

Sijapata sifa nyingine tamu kama ile, hata harusini kwangu.

Shangazi Jumwa akafika kutoka Jego, mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Ua ukajaa wanawake. Mejumaa alivaa leso mpya. Walikuja kucheka, na walikuwa wamekula kidogo mchana ili wacheke vizuri.

Muuza samaki wa Kombani naye alikuja, eti alikuwa akipita njia. Kombani na Mwabungo ni mbali, jamani.

Mchuzi wa papa nilikuwa nimeupika asubuhi, kabla hawajafika. Nikampa shangazi shikamoo, nikaketi kwenye mbuzi, nikaanza wali. Nilipokamua tui la kwanza wote uani wakanyoosha shingo, wakingoja nimwage. Nikaliweka kando. Nikasikia mtu akishusha pumzi kama aliyenyimwa sinema.

Nilipokuwa napalia makaa, kifuniko kilinigusa mkono wa kulia, ngozi ikaondoka. Nikaisikiliza sufuria.

Nikapakua. Shangazi Jumwa akaonja wali. Akaonja mchuzi. Akaonja mchuzi tena.

"Huu ni mkono wa Mejumaa," akasema.

Wakaonja na wengine, wakatazamana. Ni kweli. Ulikuwa wali wa Maulidi uleule, mchuzi wa matanga uleule. Hakuna aliyecheka.

Mejumaa alikuwa amekwama. Akiuponda wali ule, ameponda wake. Akiusifu, binti wa dada yake abaki Msambweni. Nikamwona akifikiri, na akafikiri haraka.

"Ni mkono wangu kweli," akasema. "Mtoto alinililia, nikamwonea huruma. Mchuzi huo nimeupika mimi asubuhi, yeye amepasha moto. Na huo wali nimempimia mimi mchele, maji na chumvi, yeye amekuna na kupalia tu." Akanyanyua mikono yote miwili juu, mbele ya watu. "Mikono hii hapa."

Wanawake wakaguna. Shangazi akaweka sahani chini, akanitazama kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani. Akasema kwao hawatoi mafiga kwa udanganyifu.

Nikajua basi, nimekwisha. Nani atamwamini Mama Kumwaga mbele ya Mejumaa? Na mwalimu wangu siwezi kumtaja, aibu yake ingekuwa kubwa kuliko yangu.

Nikamtazama mama mkwe wangu, mikono bado iko juu.

Nikaitazama ile mikono.

"Shangazi," nikasema, "naomba nitege kitendawili."

Wakacheka kidogo, wakidhani hofu imenipanda kichwani. Shangazi akasema, "Tega."

"Wapishi wote wa mji huu moto umewapiga muhuri, isipokuwa mmoja, naye ndiye mkubwa wao."

Mwanamke mmoja akageuza mkono wake akautazama. Alama ya mafuta, ya siku nyingi. Mwenzake naye akakunja mkono wa buibui, kovu la kifuniko, kama langu. Mwingine kidole. Mwingine kiwiko. Wakawa wanaonyeshana makovu kama askari waliorudi vitani. Hili la futari. Hili la harusi ya kaka. Hili ni la uji, nilikuwa na mimba.

Halafu wote wakamgeukia Mejumaa.

Mikono ile ilikuwa laini kuanzia kucha hadi kwenye kiwiko. Mikwaruzo ya mbuzi ya nazi kwenye vidole, basi. Hina ingelala pale bila kupata kizuizi.

Alikuwa ameanza kuishusha taratibu, akiificha ndani ya leso.

"Wifi," shangazi Jumwa akasema, "kitendawili umekisikia. Kijibu."

"Sikijui."

Shangazi akachukua tena sahani. Safari hii alionja macho ameyafumba.

"Tangawizi ya majivu," akasema polepole. "Mama yetu ndiye aliyepika hivi. Siku zote nilidhani alikufundisha wewe, wifi. Mimi alinifukuza jikoni kwa sababu nilikuwa mvivu. Na sisi tulikuwa watoto wawili tu."

Akageukia ua wa makuti.

"Mwero. Kohoa nijue uko wapi."

Upande wa pili mnyororo wa baiskeli ukaacha kulia.

Kisha mzee akakohoa.

Sitaweza kuwaandikia kicheko kile. Muuza samaki aliangusha sahani. Mwanamke mmoja alikuwa akirudia tu, "Na mimi nilikuwa nageuza uso ukutani. Miaka yote nageuza uso ukutani." Kumbe tui halikuwa na haya. Mwenye haya alikuwa ndani, amepenya makuti kutoka kibandani kwake, anakoroga.

Shangazi alingoja wamalize.

"Kitendawili kimemshinda mwenye nyumba," akasema. "Mpeni mtoto mji. Mwanangu, unataka mji gani?"

"Sitaki Mombasa, shangazi. Sitaki Vanga," nikasema. "Nataka mafiga matatu na mlango wangu."

Nikapewa jioni ileile. Matano aliyabeba mwenyewe, mawe mazito, jasho linamtoka, mama yake akitazama. Nilimwambia aweke hapa. Halafu nikamwambia hapana, weka pale. Halafu nikamwambia hapa palepale pa kwanza. Hiyo ilikuwa ya "tungoje kidogo".

Binti wa Msambweni alipelekewa salamu.

Siku ya bendera Mzee Mwero alisimama kwenye sufuria kubwa, uwanjani, mwiko mkononi kama kasia. Mimi wa pili wake, kwa mafunzo ya jogoo. Wanaume wa barazani walianza maneno, eti mpishi wa wazungu leo amevaa leso. Mzee akawauliza ni nani kati yao hajawahi kurudia sahani nyumbani kwake. Wakaenda kupanga foleni.

Wajukuu zangu mnaosoma haya, shikeni hili. Mtu akikuzuia usione anavyofanya kazi yake, usiogope ujuzi wake. Mwombe akuonyeshe mikono. Na ukichekwa kwa kutojua, cheka nao, lakini kesho yake washa moto tena. Mimi jina la Mama Kumwaga lilikaa kwangu mpaka nikapata wajukuu, na wali wangu wanaupigania.

Limebaki moja tu.

Mwezi mmoja baadaye Mejumaa alikuja kwenye jiko langu, akakaa chini, leso ameivuta mpaka machoni. Akatazama moto. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nikamwacha aanze yeye.

Akasema alipokuwa bibi arusi aliunguza wali mbele ya watu, na mama mkwe wake akaubeba ule wali nyumba kwa nyumba kuuonyesha. Mwero akamwambia leo nitakupikia mimi, leo tu, mpaka wanyamaze.

"Leo tu ikawa ndoa nzima," akasema. Halafu, akitazama pembeni, "Chumvi hutiwa wakati gani?"

Nikamfundisha. Sikutumia jogoo, nilimtazama usoni. Alikuwa mwanafunzi mbaya, mbishi, anafunua sufuria kila dakika.

Wali wake wa kwanza alitupakulia wote. Mbichi katikati, chumvi kama maji ya bahari. Matano alitafuna akitazama dari. Mimi nilizificha punje shavuni nikitafuta mahali pa kuzitema.

Mzee Mwero alikula. Hakukunja uso, mpishi mzima wa Diani. Alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe, akaifuta kwa kidole, akamnyooshea mkewe.

"Mejumaa," akasema, "niongeze."